Kitabu Chekundu cha Msafiri

Somo la leo ni la historia, lakini tutaliingia kwa mlango wa safari. Wekeni daftari na kalamu ya risasi karibu, maana iko hesabu kidogo mbele.

Tuseme mwanao anasoma katika mji wa Köln, huko Ujerumani, naye amekuletea tikiti ya ndege uende ukamtazame. Umefika salama. Lakini kijana ana mitihani, hawezi kukutembeza, nawe una siku tatu tu kabla ya kurudi. Lugha ya huko huijui. Je, utakaa chumbani siku tatu ukitazama mvua dirishani? Utamlipa mtu akuongoze kila mahali, naye akupeleke anakotaka yeye, mpaka dukani kwa shemeji yake? Ama utatoka peke yako, hali unajua unakwenda wapi, saa ngapi, na kwa nauli gani?

Swali hili waliliuliza wasafiri wa nchi ile karibu miaka 200 iliyopita, na jibu walilolipata lilikuwa kitabu. Habari za kitabu hicho ndizo somo letu, na tutazisoma huku tukiupanga mpango wako wa siku tatu.

Mji wa Köln, ambao Waingereza huuita Cologne, uko ukingoni mwa mto mkubwa uitwao Rhine. Zamani mashua zilizopanda mto huo zilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni, na safari ilikuwa ya siku nyingi. Mwaka 1827 meli za moshi zilianza kwenda na kurudi kwa saa zilizotangazwa, baina ya Köln na Mainz, mji ulio juu zaidi mtoni. Mara wageni wakaongezeka, hasa Waingereza wenye fedha na nafasi, waliokuja kutazama magofu ya ngome juu ya vilima na mashamba ya mizabibu chini yake. Nanyi mnajua, penye wageni wengi hapakosi wa kuwala. Mchukuzi wa mizigo alitaja bei moja kwa mwenyeji na nyingine kwa mgeni. Mwenye mashua hivyo hivyo. Mwenye hoteli naye aliandika katika hesabu yake mishumaa ambayo mgeni hakuiwasha.

Fedha nazo zilikuwa fumbo. Wakati ule hapakuwa na dola moja ya Ujerumani; hiyo ilipatikana mwaka 1871 tu. Köln ilikuwa chini ya mfalme wa Prussia, na huko walihesabu kwa thaler. Mainz ilikuwa chini ya mtawala wa Hesse, nako walihesabu kwa gulden. Mto ni mmoja, lakini msafiri alihitaji mifuko miwili.

Basi mwaka huo huo wa 1827, katika mji wa Koblenz, pale mto Mosel unapoingia katika Rhine, kijana wa miaka 25 alifungua duka la vitabu. Jina lake Karl Baedeker. Mwaka uliofuata mchapaji mwingine wa mji ule alitoa kitabu cha mwalimu mmoja, Klein, juu ya safari ya kutoka Mainz mpaka Köln. Biashara ya mchapaji yule haikuendelea, na mwaka 1832 Baedeker akaichukua pamoja na kitabu. Mwaka 1835 akakitoa upya, na tangu hapo hakuacha kukitengeneza.

Kitabu cha Klein kilikuwa kizuri kwa hadithi na mambo ya kale. Baedeker akaongeza mambo ya tumbo na ya mfuko: hoteli ipi ni safi, chakula ni bei gani, mchukuzi hulipwa ngapi, ni mwendo wa saa ngapi kutoka gatini mpaka ngomeni, na ni upande gani wa meli ukae uone vizuri. Katika dibaji zake alilitaja kusudi lake waziwazi. Alitaka msafiri ajitegemee, asiwe mikononi mwa viongozi wa kulipwa, wala wachukuzi, wala wenye hoteli. Sifa katika kitabu chake hazikuuzwa, wala hakuweka matangazo ya biashara.

Ninyi mliojifunza kusoma mkiwa watu wazima mtalielewa jambo hili kuliko mimi ninayelieleza. Mtu asiyejua kilichoandikwa katika risiti humwamini aliyeiandika, apende asipende. Mgeni katika Koblenz, hata akiwa bwana mwenye elimu yake, alikuwa katika hali hiyo mpaka alipopata karatasi iliyosema bei ya haki. Mchukuzi akitaja bei yake, mgeni alifungua ukurasa akamwonyesha kwa kidole.

Baedeker aliyahakikisha mambo kwa miguu yake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba mwaka 1847 mtu mmoja alimwona akipanda ngazi za kanisa kuu la Milan, katika Italia. Kila baada ya vidato 20 alisimama, akatoa punje ya njegere katika mfuko wa kizibao akaitia katika mfuko wa suruali. Hivyo hata akizungumza njiani, hesabu haikupotea. Aliposhuka alizirudisha punje moja moja ili kuona kama hakukosea. Haya, kalamu mkononi: kanisa kuu la Köln lina vidato 533 mpaka mahali wageni wanaposimama juu mnarani. Je, Baedeker angehamisha punje ngapi? Gawanya kwa 20. Utapata punje 26, na vidato 13 vinabaki.

Kanisa hilo ndilo siku yako ya kwanza. Huhitaji kiongozi kulitafuta, kwa kuwa ukitoka tu katika stesheni kubwa ya treni limesimama mbele yako, na minara yake miwili ina urefu wa mita 157. Panda asubuhi, kabla ya watu kujaa na kabla miguu haijachoka. Kama una ugonjwa wa moyo au magoti, kaa chini utazame madirisha ya vioo vya rangi, wala usione haya.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1248. Kazi ikaendelea vizazi kwa vizazi, kisha fedha na hamu vikapungua, na karibu na mwaka 1560 ikasimamishwa. Juu ya mnara wa kusini ulioachwa nusu ilibaki winchi ya mbao ya kuinulia mawe. Winchi ile ilikaa pale miaka mia kadhaa, hata ikawa kama alama ya mji. Mtoto alizaliwa akaiona, akazeeka akaiona, na mjukuu wake akaiona vile vile. Wasafiri wa kwanza wa Baedeker waliona nusu ya kanisa na winchi juu yake. Mwaka 1842 mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Nne, aliweka jiwe la kuanza tena, na mwaka 1880 kanisa likaisha. Toa 1248 katika 1880 mwone ni miaka mingapi. Ni 632.

Ukisimama mbele yake, kumbuka basi kwamba sehemu kubwa unayoiona upande wa mbele si kazi ya watu wa zamani sana. Ni kazi ya wakati wa magari ya moshi, ingawa iliufuata mchoro wa kale. Na mfalme yule hakuwa mtu wa Köln. Nchi za Rhine ziliwekwa chini ya Prussia mwaka 1815, na wenyeji wengi, ambao walikuwa Wakatoliki, hawakuwapenda wakubwa wao wapya, Waprotestanti waliotoka Berlin. Kuwamalizia watu kanisa lao ni njia mojawapo ya kutafuta kupendwa, na naona haikuwa njia mbaya.

Siku ya pili utoke nje ya mji. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu hutaka kuona kila kitu na mwisho huona viti vya treni tu. Siri ya safari ya siku moja ni kuhesabu kutoka nyuma. Kwanza andika saa unayotaka uwe umerudi. Kisha saa ya chombo cha mwisho kitakachokuwahisha. Kisha muda wa kula. Kinachobaki ndicho muda wa kutazama, nao siku zote huwa mdogo kuliko ulivyodhani. Angalieni pia saa zenyewe. Wazungu huanza kuhesabu siku usiku wa manane, nasi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Ukiona katika ratiba 14.00, hiyo kwetu ni saa nane mchana. Yuko mzee mmoja wa kwetu aliyefika stesheni saa nane kwa saa zao, akakaa hapo saa sita nzima. Na wao wenyewe walikuwa na matatizo yao: mpaka tarehe 1 Aprili 1893 Ujerumani haikuwa na saa moja ya nchi nzima. Jua hufika Berlin kabla ya Köln, na saa za miji hiyo miwili zilitofautiana karibu dakika 26. Hebu fikirini kupanga safari hivyo.

Shauri langu ni hili: panda mto kwa treni, urudi kwa meli. Treni itakufikisha Koblenz kwa muda wa kama saa moja, kisha nyingine itakupeleka mbele mpaka St. Goar, ikifuata ukingo wa maji. Meli inayopanda hushindana na mkondo na kukawia. Inayoshuka huchukuliwa na mto. Meli za abiria ziko hasa tangu Aprili mpaka Oktoba. Ukienda majira ya baridi, utakuta gati limelala.

Karibu na St. Goar, ng'ambo ya mto, utaona jabali liitwalo Loreley, kimo chake mita 132 juu ya maji. Utaambiwa kwamba mwanamke mzuri alikaa juu yake akiimba, mabaharia wakamtazama yeye badala ya kutazama miamba, wakazama. Wengi hudhani ni hadithi ya kale na kale. Siyo. Mwanamke huyo alitungwa na mshairi Clemens Brentano, katika shairi lililotoka mwaka 1801. Hatari, hiyo ni ya kweli: mto hapo ni mwembamba, wenye kina na kona kali, na mwezi wa Januari 2011 meli iliyobeba asidi ilipinduka karibu na jabali hilo, na watu wawili wakapotea.

Unaposhuka kuelekea Koblenz, upande wa kushoto utaona ngome ya rangi ya manjano juu ya msitu. Inaitwa Stolzenfels. Ukimwuliza jirani yako melini, huenda akasema ni ya karne za kati. Ilikuwako ngome ya zamani hizo, kweli, lakini ilibaki gofu. Hii unayoiona ilijengwa baina ya mwaka 1836 na 1842 kwa ajili ya yule yule Friedrich Wilhelm wa Prussia. Alipenda mambo ya kale hata akayajenga mapya. Na pale Koblenz mito miwili inapokutana, sanamu kubwa ya Kaizari Wilhelm wa Kwanza juu ya farasi iliwekwa mwaka 1897, ikavunjwa kwa mizinga ya Wamarekani mwaka 1945, na nyingine ya mfano wake ikawekwa mwaka 1993. Kwa hiyo ukiambiwa kitu ni cha zamani, uliza: cha zamani ipi?

Kuhusu Kaizari huyo iko hadithi wanayopenda kuisimulia. Kila siku adhuhuri, walinzi wa jumba lake la Berlin walipobadilishana zamu, alijitokeza dirishani. Siku moja alikuwa katika mazungumzo, akaomba radhi akaondoka kwenda dirishani, akasema imeandikwa katika Baedeker kwamba husimama pale. Hadithi yaweza kuwa ya kuchekesha tu, lakini inaonyesha kitabu kilivyokuwa na nguvu. Karl Baedeker mwenyewe alikufa mwaka 1859, wanawe wakaiendeleza kazi. Kitabu kikapata jalada jekundu lililojulikana kila mahali, kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na mwaka 1872 ofisi ikahamia Leipzig. Mahali pa kutazamwa zaidi paliwekewa alama ya nyota, na palipopita pote nyota mbili.

Nyota zile zilikuwa msaada, na zilikuwa hasara pia. Msafiri alikimbia kutoka nyota hata nyota, asitazame kilicho katikati. Alikwisha kumkwepa kiongozi wa mtaani, sasa ameshikwa mkono na kiongozi wa karatasi. Wala msidhani kila Mjerumani alisafiri na kitabu hicho. Mfanyakazi wa kiwandani alikuwa na Jumapili yake tu. Mwaka 1895 wafanyakazi wa Wien, mji mkuu wa Austria, walianzisha chama chao, Naturfreunde, yaani marafiki wa maumbile, ili waende milimani siku hiyo moja kwa nauli nafuu. Chama hicho kipo mpaka leo.

Sasa tufike kwenye sehemu nzito ya somo. Usiku wa tarehe 28 Machi 1942, katika Vita Kuu ya Pili, ndege za Waingereza ziliuchoma mji mzuri wa kale wa Lübeck. Wajerumani wakataka kisasi. Mmoja wa wasemaji wao akatangaza kwamba watapiga kila jengo la Uingereza lenye nyota tatu katika Baedeker. Hakukijua hata kitabu alichokitaja, maana nyota zake hazikuzidi mbili. Lakini mabomu yalianguka kweli: Exeter, Bath, Norwich, York, Canterbury, miji ya makanisa na nyumba za kale. Watu zaidi ya 1,600 wakafa, na mashambulio yale yakaitwa kwa jina la kitabu cha watalii. Usiku wa tarehe 30 Mei mwaka ule ule ndege zaidi ya 1,000 zikaja juu ya Köln. Vita vilipokwisha mji wa kale ulikuwa kifusi, na kanisa kuu, ambalo nalo lilipigwa na mabomu, limesimama katikati. Nyumba nyingi za rangi utakazoziona kando ya mto zilijengwa tena baada ya hapo. Ofisi ya Baedeker katika Leipzig nayo iliteketea kwa mabomu mwezi wa Desemba 1943.

Lakini kabla haijateketea, ilikuwa imetoa kitabu kimoja zaidi. Mwaka ule wa 1943 kilitoka kitabu cha kuongoza wasafiri katika Poland iliyotekwa, kwa matakwa ya Hans Frank, gavana wa Hitler. Kina hoteli, kina reli, kina makanisa. Na katika maelezo ya miji ambayo nusu ya watu wake au zaidi walikuwa Wayahudi, kiliandika, kama mtu anavyoandika bei ya kahawa, kwamba sasa mji hauna Wayahudi. Walikokwenda hakikusema. Wakati huo walikuwa wakiuawa kwa mamilioni. Kitabu kilichoanza kwa kumwambia msafiri bei ya haki, ili asidanganywe na mchukuzi, kimefika hapo. Herufi zake nzuri na jalada lake ni vile vile.

Ndiyo maana siku yako ya tatu nimeipanga mahali ambapo vitabu vya nyota havikupataja. Rudi Köln, na kutoka kanisani tembea kwa miguu, kama dakika kumi, mpaka kiwanja kiitwacho Appellhofplatz. Usiende Jumatatu, maana hufungwa. Njiani tazama chini pia. Utaona mbele ya milango vibati vya shaba vyenye upana wa sentimita 10, vimepachikwa katika njia ya miguu. Msanii mmoja wa mji huo, Gunter Demnig, alikiweka cha kwanza mwaka 1992 mbele ya jumba la mji. Vingi huanza kwa maneno mawili, Hier wohnte, maana yake hapa alikaa. Kisha jina la mtu, mwaka aliozaliwa, na alikopelekwa kuuawa. Kwa maneno hayo mawili tu utaweza kusoma mtaa mzima.

Nyumba unayoitafuta inaitwa EL-DE-Haus, kutokana na herufi za kwanza za jina la mwenye nyumba, mfanyabiashara wa dhahabu. Tangu Desemba 1935 mpaka Machi 1945 ilikuwa makao ya polisi wa siri wa Hitler katika Köln. Mabomu yaliyoangusha mtaa hayakuiangusha. Chini yake viko vyumba vya wafungwa. Baada ya vita nyumba ikawa ofisi za kawaida za mji, watu wakaja na karatasi zao, na vile vyumba vya chini vikatumika kama stoo. Mwaka 1979 mwalimu mmoja na mpiga picha mmoja walijifungia humo usiku, wakapiga picha kuta. Mwaka 1981 mlango ukafunguliwa kwa wote.

Kutani mna maandishi na michoro kama 1,800. Waliyaandika wafungwa kwa misumari, kwa kucha, kwa makaa, kwa rangi ya midomo, kwa kalamu ya risasi kama hiyo uliyoishika. Mengi ni ya vijana waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Urusi na Ukraine kuja kufanya kazi. Wengine wamehesabu siku kwa mistari. Wengine wamemwandikia mama. Wengine wameandika jina na tarehe tu.

Tenga saa mbili, usizidishe. Mwanao atakuwa amemaliza mtihani wake wa mwisho. Mwulize kama amewahi kuingia mle.

Kwa kipindi kijacho, kila mmoja aandike katika daftari mpango wa safari ya siku moja, kwenda mahali asipopajua, akianza na saa ya kurudi.